Sifuri na Rangi ya Dhahabu: Kufundisha Thamani ya Nafasi kwa Kizio cha Kumi na Sita

Mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi huanza kufundisha thamani ya nafasi mapema sana, naye kwa kawaida huamini kuwa amekwisha kuifundisha pale wanafunzi wake wanapoweza kusoma na kuandika 345 bila kusita. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo yaweza kuwa na kasoro. Tutatumia kazi ambayo kwa mtazamo wa kwanza iko mbali na darasa la watoto: kugeuza namba za rangi ziwe maandishi ya kizio cha 16 ndani ya programu ya kompyuta. Kazi hiyo tuliifanya pamoja na wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Mwakitolyo, wilayani Shinyanga. Na waliokosea tulikuwa sisi wakufunzi.

Kioo cha kompyuta huunda kila rangi kwa mianga mitatu, yaani nyekundu, kijani na buluu. Nguvu ya kila mwanga hupewa namba kuanzia 0, ambapo hakuna mwanga, hadi 255, ambapo mwanga ni kamili. Manjano ya bendera yetu, inayowakilisha madini ya nchi, huandikwa mara nyingi katika michoro ya kompyuta kwa namba 252, 209 na 22. Lakini programu nyingi hutaka namba hizo tatu ziungane ziwe neno moja la alama sita: FCD116. Kila mwanga umepewa nafasi mbili, wala hakuna alama ya kuzitenganisha. Jambo hili la mwisho msomaji alishike, kwani ndilo lililotuponza.

Kwa nini 16? Kompyuta huhifadhi namba ya kila mwanga katika baiti moja, yaani biti nane, na biti nane zinaweza kupangika kwa namna 256. Kwa kuwa 16 mara 16 ni 256, nafasi mbili za kizio cha 16 zatosha barabara. Kompyuta za System/360 za kampuni ya IBM, zilizotangazwa Aprili 1964, mwezi uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, zilichangia sana kueneza uandishi huu. Wala kuhesabu kwa mafungu ya 16 si ajabu kwa wazee wetu: kabla ya kilo na gramu, ratili moja ilikuwa wakia 16.

Sasa tuje darasani. Mtoto wa Mwakitolyo huona kila siku mawe ya dhahabu yakifungwa katika viroba na kupelekwa kwenye karasha. Hana haja ya kuelezwa maana ya kukusanya vitu vingi katika fungu moja. Basi apewe kokoto 215 na vifuko, aambiwe ajaze kila kifuko kokoto 16, zisipungue wala zisizidi. (Kokoto hizo ziokotwe barabarani au uwanjani. Kamwe zisitoke kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, ambako zebaki hutumika.) Atapata vifuko 13, na kokoto 7 zitabaki nje. Akitakiwa kuandika alichokipata, ataandika 137, na hapo mwalimu anyamaze kidogo. Baada ya muda mtoto mmoja atauliza mtu mwingine atajuaje kwamba 13 ni vifuko, wala si 1 na 37. Hilo ndilo swali tunalolitaka. Nafasi moja haina budi kubeba alama moja tu, na tarakimu zetu huishia 9; kwa hiyo 10 huandikwa A, 11 huandikwa B, na kuendelea hadi 15, ambayo ni F. Vifuko 13 na kokoto 7 ni D7. Tumeona wanachuo wakitundika chati ya herufi hizi ubaoni kabla ya swali hilo kuzaliwa, na wanafunzi wakaikariri kama mashairi bila kujua inatatua shida gani.

Tulipokwisha kufanya kazi hii kwa mikono, tuliandika programu ndogo katika kompyuta ya mezani. Mtumiaji aliingiza namba tatu. Programu ikagawa kila moja kwa 16, ikaandika alama ya hisa na alama ya baki, ikaunganisha yote, kisha ikapaka rangi kipande cha kioo. Tuliijaribu kwa bendera ya taifa. Kijani, 30, 181 na 58, ikatoka 1EB53A. Manjano, nyeusi na buluu nazo zikatoka sawasawa. Majibu manne, yote sahihi! Tukaridhika.

Kisha mwanachuo mmoja akaomba tupake rangi ya dhahabu, ambayo katika orodha za rangi za kompyuta ni 255, 215 na 0. Kioo kikawa kijani kibichi, kama majani ya mpunga mchanga.

Kosa lilikuwa hili. Hisa ilipokuwa sifuri, programu yetu haikuiandika, kwani tulikuwa tumeifundisha yale tunayowafundisha watoto: sifuri ya mbele haina kazi. Kwa hiyo 0 ilitoka "0", wala si "00", na rangi nzima ikawa FFD70, alama tano badala ya sita. Sehemu ya kupaka rangi ilisoma alama hizo kama namba moja, ikajaza sifuri iliyopungua upande wa mbele: 0FFD70. Kila alama ikasogea nafasi moja. Nyekundu ikawa 15, kijani 253, buluu 112.

Mbona bendera ilipita? Buluu yake ni 0, 163 na 221, nasi tuliandika 0A3DD. Sifuri iliyopotea ilikuwa ya mwanzo kabisa, basi ilipojazwa mbele ilirudi mahali pake. Nyeusi ni sifuri tupu. Kijani na manjano hazina namba iliyo chini ya 16. Mifano yetu minne ilikuwa imechaguliwa, bila sisi kujua, ili kosa lisionekane. Kuirekebisha programu kulihitaji mstari mmoja: 0 iandikwe 00, 7 iandikwe 07, 15 iandikwe 0F.

Jioni ile tulipitia upya maandalio ya masomo ya wanachuo. Zoezi la Darasa la Tatu lilikuwa na namba kumi, kama 345, 128 na 679, na hata moja haikuwa na sifuri katikati. Mwanafunzi aandikaye mia mbili na saba kuwa 27, au 2007, angepata kumi kwa kumi katika zoezi lile, na mwalimu angesonga mbele. Kosa lake ni lile lile la programu yetu: hajui kwamba nafasi isiyo na kitu bado ni nafasi.

Siku iliyofuata wanachuo walichora ardhini duara tatu, za mamia, makumi na mamoja. Watoto walicheka, kwa kuwa kwao duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Lakini mzaha huo ulitufaa. Kwa 207, duara la makumi lilibaki tupu, na walipoulizwa kama lifutwe walikataa wote: shimo lisilotoa kitu lingali shimo. Kisha wakaandika 207, 270, 1005 na 40.

Mwanachuo atakayepangiwa shule isiyo na kompyuta aweza kujipima mwenyewe kwa kokoto na kalamu. Achukue rangi ya 16, 5 na 160, aigeuze kwanza kwa namna sahihi, halafu kwa namna ya programu yetu ya awali, ajaze sifuri mbele, na aone nyekundu imebaki ngapi.