Uvimbe wa Taya Haungoji

Huku kwetu Bukoba na Muleba mtoto akivimba taya, wapo wadhanio kuwa ni jino tu. Hukandwa kwa majani, na wiki zikapita. Yafaa tujifunze zaidi.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za saratani ya taya iwapatayo watoto. Saratani hiyo hukua kwa kasi ya ajabu: yaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Lakini ikiwahiwa, watoto wengi hupona kwa dawa.

Je, miti shamba ni bure? Hatusemi hivyo. Vinkristini, mojawapo ya dawa za hospitali za ugonjwa huo, asili yake ni mmea wa Madagaska, upandwao mbele ya nyumba nyingi kwa uzuri wa maua yake. Ila majani yake yana dawa hiyo kidogo mno, pamoja na sumu nyingine. Dawa hutengwa kwa ustadi, hupimwa kwa miligramu, hutiwa mshipani. Majani yaliyochemshwa chunguni hayana kipimo.

Basi tusiwagombanishe mganga na daktari. Tujue tu nani atangulie. Mtoto mwenye uvimbe apelekwe upesi hospitali, kama Rubya au Kagondo, apate njia ya kufika Bugando, Mwanza, panapotibiwa saratani.

Nauli ni nzito, twajua. Lakini tumezoea kuchangiana wakati wa msiba; tuchangiane kabla ya msiba.