Somo: Safari ya Fomu ya Bima, Kutoka Dirisha la Mapokezi Hadi Akaunti ya Zahanati

Katika mikutano ya vijiji na ya kata kuna swali linalorudi kila mara: ikiwa wenye kadi za bima ya afya wanaongezeka, mbona rafu za dawa za zahanati zetu bado zina nafasi tupu? Jibu lake lina matawi mengi, na si yote yaliyo katika uwezo wa kituo. Lipo hata hivyo tawi moja ambalo wananchi wachache wamewahi kuonyeshwa, nalo ni uandaaji wa madai ya bima. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye kadi, ambaye saini yake ni sehemu ya kazi hiyo, na pia kwa kijana anayetamani kuijifunza kazi yenyewe.

Tuanze na jambo ambalo huchukuliwa kuwa dogo. Kadi ya bima si fedha. Mgonjwa anapoitoa dirishani, kituo hakipokei hata senti moja. Kituo humpima, humtibu na kumpa dawa ambayo tayari imenunuliwa, kisha huandika madai na kuyapeleka kwa mfuko wa bima ili kirejeshewe gharama. Madai yakiandikwa vibaya, yakichelewa au yasipopelekwa kabisa, zahanati itakuwa imetibu bure bila mtu yeyote kuamua hivyo. Dawa imekwisha rafuni na fedha ya kununulia nyingine haikuja.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwahudumia kwanza watumishi wa umma kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi wetu tunauita CHF, ulijaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, iliyopanga kaya ya watu wasiozidi sita kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika wilaya nyingi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua hizo zinavyowaongeza wenye kadi, ndivyo meza ya madai inavyozidi kubeba uhai wa kituo.

Fomu na sehemu zake

Fomu ya madai ya Mfuko wa Taifa, maarufu kama Fomu 2A na 2B, ndiyo mwalimu mzuri wa kazi hii. Vituo vingi sasa hupeleka taarifa kwa mfumo wa kompyuta, lakini mifupa ya madai haijabadilika, na anayeielewa fomu ya karatasi hatapotea mbele ya skrini. Sehemu ya kwanza hutaja kituo, tarehe ya huduma, namba ya jalada, jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya kadi. Hufuata utambuzi wa ugonjwa, ule wa awali na ule wa mwisho. Kisha huja gharama: ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa na, kwa aliyelazwa, siku za kitandani na upasuaji kama ulifanyika. Mtabibu huandika jina, sifa yake ya kitaaluma na kuweka saini. Mgonjwa naye huthibitisha kwa saini kwamba amezipata huduma zilizotajwa. Mwisho ni uthibitisho wa kituo, pamoja na mhuri.

Hapa inafaa tukae kidogo juu ya saini ya mgonjwa, maana ndipo mkazi anapoingia katika kazi hii bila kujijua. Wapo wanaoombwa kusaini fomu ikiwa bado nyeupe, mara tu wafikapo mapokezi, eti kuokoa muda. Msomaji asikubali. Saini ile ni kauli yako kwamba umepokea vilivyoandikwa. Huwezi kukiri kupokea kitu ambacho bado hakijaandikwa. Soma vipimo na dawa zilizoorodheshwa, uliza kama hujui kusoma mwandiko (na miandiko ya watabibu inajulikana), ndipo usaini. Fomu yenyewe huonya kwamba taarifa za uongo zaweza kumfikisha mhusika mahakamani.

Dawa isipokuwapo kituoni, mwanachama hupewa Fomu 2C ili aichukue katika duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko. Karani mwangalifu hahesabu dawa hiyo katika madai ya kituo. Ikiandikwa pande zote mbili, Mfuko utaona dawa moja ikidaiwa mara mbili kwa mgonjwa mmoja, na hapo maelezo huwa magumu.

Lugha ya misimbo

Magonjwa hayaandikwi kwa maneno peke yake. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kimataifa inayokipa kila kilema na kila ugonjwa msimbo wa herufi na tarakimu. Toleo lake la kumi, liitwalo ICD-10, ndilo lililozoeleka zaidi katika kazi hii. Shinikizo la juu la damu lisilo na chanzo kingine ni I10. Kisukari cha aina ya pili ni E11. Uzazi wa kawaida wa mtoto mmoja ni O80. Mtazame msimbo wa kwanza na wa tatu: I ni herufi wala si moja, na O ni herufi wala si sifuri. Anayeandika 110 au 080 amebuni ugonjwa usiokuwapo, na mhakiki hana wajibu wa kubahatisha alichokusudia.

Malaria ndiyo somo zuri kuliko yote, kwa kuwa kila zahanati inaifahamu. Msimbo B50 ni wa malaria iliyothibitishwa kuwa ya kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kinachoongoza hapa kwetu. Msimbo B54 ni wa malaria ambayo aina ya kimelea chake haikubainishwa. Mtabibu akiandika tu neno «malaria», karani asiyefunzwa hukimbilia B54 kwa wagonjwa wote. Lakini ikiwa damu imepimwa na jibu la falsiparamu limeandikwa katika jalada, msimbo unaostahili ni B50. Na ikiwa kipimo cha haraka kimeonyesha kwamba hakuna vimelea, halafu fomu ikadai dawa mseto ya malaria, mhakiki atauliza: alitibiwa nini? Swali hilo ni la fedha na ni la tiba vilevile. Mtoto mwenye homa aliyepewa dawa ya malaria asiyokuwa nayo huenda ana nimonia inayosubiri kutambuliwa.

Ndiyo maana inafaa kusema kwamba uhakiki wa madai, pamoja na usumbufu wake wote, ni jicho la pili juu ya matibabu. Utambuzi, kipimo, dawa, umri na jinsi lazima visimulie hadithi moja. Madai ya O80 kwa kadi ya mwanachama wa kiume hukataliwa hata kama mama alijifungua salama na mtoto analia kitandani. Mume alitoa kadi yake mwenyewe badala ya ile ya mkewe, na mapokezi hawakuitazama picha. Kosa la sekunde chache dirishani huigharimu zahanati huduma nzima ya uzazi.

Hesabu ya makato

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Zahanati inahudumia wenye bima 180 kwa mwezi, na wastani wa dai moja ni shilingi 9,000. Jumla ya madai ni shilingi 1,620,000. Tuseme katika kila fomu 100, fomu 15 zina kasoro: saini haipo, namba ya kadi imekosewa, msimbo hauendani na dawa. Hizo ni fomu 27, nazo ni shilingi 243,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinafika shilingi 2,916,000. Hakuna aliyeiba. Fedha hizo zimepotea kwenye ncha ya kalamu.

Bei nazo zina mtego wake. Mfuko hulipa kwa kitita cha mafao chenye bei zilizowekwa, si kwa bei anayoipenda mtoa huduma, na kitita hubadilishwa. Badiliko lililovuma ni lile lililoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, ambalo liliwafanya baadhi ya wamiliki wa hospitali binafsi kupinga hadharani. Yeyote anayefanya kazi hii lazima awe na orodha ya bei inayotumika sasa na ajue ni huduma zipi zinahitaji kibali kabla ya kutolewa. Anayedai kwa bei ya zamani iliyo juu hukatwa. Anayedai kwa bei iliyo chini ya stahili hulipwa hicho hicho kidogo alichoomba, na hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Madai yakirudi na makato, kazi haijaisha. Mfuko hueleza sababu ya kila kato, na kituo chaweza kuomba yapitiwe upya kikiwa na ushahidi wa jalada. Vituo vingi huitupa karatasi ya makato kabatini kwa uchungu. Heri zaidi ingebandikwa ukutani mwa chumba cha watabibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni nani anasahau kuandika jibu la kipimo na ni siku zipi za juma fomu hutoka bila mhuri.

Kwa kijana anayetaka kujifunza

Kazi hii haihitaji shahada ya udaktari, lakini haimfai mtu mwenye haraka. Anza na majina: sehemu za mwili, magonjwa ya kawaida ya wilaya yetu, dawa na vipimo vyake. Kisha zoea muundo wa ICD-10. Herufi ya mwanzo hukupeleka kwenye sura, tarakimu hukupeleka kwenye ugonjwa, na nukta inayofuata huongeza undani. Jifunze pia Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu, kwa sababu humo ndimo unapoona dawa gani inaruhusiwa katika ngazi ya zahanati na ipi ni ya kituo cha afya au hospitali. Ujuzi wa kompyuta ni wa lazima. Vituo vya Serikali vinatumia mfumo wa GoTHoMIS kusajili wagonjwa na kutoza huduma.

Zoezi moja lina manufaa kuliko mihadhara mingi. Omba ruhusa ya Mganga Mfawidhi, kaa chini ya uangalizi wake, chukua majalada kumi ya mwezi uliopita na uandae madai yake upya bila kuitazama fomu iliyopelekwa. Kisha linganisha. Tofauti utakazoziona ndizo mtaala wako. Yote utakayoyasoma humo ni siri ya mgonjwa. Anayetoka na habari za jirani yake kwenye jalada hafai kuketi mezani hapo tena, hata awe hodari wa misimbo kiasi gani.

Kuna na jambo jingine ambalo kijana atakutana nalo mapema kuliko anavyodhani. Ndugu atamjia na kadi ya mtu mwingine: ya shemeji, ya mpangaji, ya marehemu. Atasema mtoto anaumwa, na itakuwa kweli. Kumkatalia kutumia kadi si kumnyima tiba. Mgonjwa wa dharura hupokelewa kwanza, na suala la malipo au msamaha hushughulikiwa kwa utaratibu wake. Lakini madai ya jina bandia yakigundulika, kituo kizima huingia katika uchunguzi, na wanaosubiri dawa ni wale wale majirani.

Fedha za madai zinapolipwa, huingia katika akaunti ya kituo chenyewe. Matumizi yake hupangwa na kituo pamoja na Kamati ya Usimamizi, ambayo wananchi wana wawakilishi wao ndani yake, na sehemu kubwa huelekezwa kununua dawa kutoka Bohari ya Dawa. Mkazi ana haki ya kumuuliza mjumbe wake mambo matatu kila robo mwaka: madai ya shilingi ngapi yalipelekwa, shilingi ngapi zililipwa, na makato yalitokana na nini. Aliyenyimwa huduma akiwa na kadi hai, au aliyeombwa kusaini fomu tupu, aanze kwa Mganga Mfawidhi. Asiporidhika aende kwa mwenyekiti wa Kamati, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, akiwa na kadi yake na tarehe ya siku aliyohudumiwa.