Barabara ya Nani, Fedha za Nani? Somo kwa Kamati za Maendeleo za Parokia



Katika toleo hili tunajifunza jinsi fedha za umma za miundombinu zinavyogawanywa kati ya Serikali Kuu, mikoa na wilaya hapa Tanzania. Tumechagua mfano wa barabara, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea.

Tulipokosea

Katika parokia moja tunayofanya nayo kazi, wananchi waliomba kalavati kwenye barabara iendayo zahanati. Kamati ilihamasisha watu, mawe na mchanga vikapatikana kwa nguvu za wananchi, na sisi tukaomba saruji na nondo kwa wafadhili. Kazi ilikamilika, tukapiga picha, tukafurahi. Masika ya pili maji yalikula udongo wa pembeni, na kalavati likabaki peke yake katikati ya korongo. Kina mama wajawazito wakarudi kubebwa kwa machela.

Kamati ilipokwenda ofisi inayohusika, iliambiwa kwamba kalavati hilo halimo katika kumbukumbu, hivyo halikutengewa fedha za matengenezo. Jibu hilo lilituuma, lakini lilikuwa na ukweli. Tulikuwa tumewauliza wafadhili kabla ya kuuliza barabara hiyo ni ya nani.

Fedha zinatoka wapi?

Mfuko wa Barabara ulianzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998. Chanzo chake kikubwa ni tozo inayolipwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwenye bodaboda analipa. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli analipa. Hata bibi asiyemiliki baiskeli analipa anaponunua sabuni iliyoletwa na lori. Kwa hiyo tunapodai barabara ipitike hatuombi msaada. Tunafuatilia fedha zetu.

Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo, na zisizozidi asilimia 10 kwa ujenzi. Hapa kuna fundisho kwetu. Kujenga hufanyika mara moja na watu hupiga makofi. Kutunza ni kila mwaka, wala hakuna anayekata utepe.

Zinagawanywaje?

Barabara kuu na barabara za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, zilikuwa chini ya wahandisi wa halmashauri hadi mwaka 2017, zilipokabidhiwa kwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI.

Kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. Tufanye hesabu ya makadirio. TANROADS inahudumia takriban kilomita 36,000. TARURA inahudumia zaidi ya kilomita 140,000. Kwa mgawo huo, kilomita moja ya barabara kuu au ya mkoa hupata karibu mara tisa ya kilomita moja ya barabara ya wilaya.

Je, ni dhuluma? Tusiharakishe. Barabara kuu hubeba malori mazito usiku na mchana, na kilomita moja ya lami ni ghali kuliko ya changarawe. Ikikatika, mkoa mzima hukosa mafuta na dawa. Lakini mahindi hayaanzii barabara kuu, wala mgonjwa haanzii huko. Safari huanza kwenye njia ya kijijini, na ikikwama hapo lami ya mbele haimsaidii mtu. Bunge nalo liliona upungufu huo: katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Uamuzi unafanyika wapi?

Kuna jambo la pili lenye uzito kama fedha. TARURA ilipoanza, wataalamu na vifaa viliwekwa chini ya chombo kimoja, na hilo lilikuwa na faida. Hata hivyo madiwani wengi walilalamika kwamba wananchi wanaendelea kuwauliza kuhusu barabara ambazo hawazisimamii tena. Tukumbuke pia kwamba kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na tangu hapo halmashauri nyingi zinategemea zaidi fedha kutoka Serikali Kuu. Anayetegemea mfuko wa mwenzake hana budi kujua siku ya kuufungua.

Siku hiyo ipo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili. Ombi linalofika Mei limechelewa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Hoja ianzie hapo, iandikwe katika muhtasari, ipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wilayani, kabla mwaka mpya haujaanza au mara tu baada yake.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia: kabla ya kuchangisha, nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya mkaulize kama barabara yenu imesajiliwa na iko daraja gani. Mkijenga chochote, kikabidhiwe kwa maandishi ili kiingie katika mpango wa matengenezo.

Kwa wafadhili wetu: mchango wenu bado unahitajika, lakini usichukue nafasi ya fedha ambazo wananchi wamekwisha kulipa. Tukizoea kuziba kila pengo, wenye wajibu watasahau kwamba pengo lipo. Kuanzia sasa, maombi ya miundombinu tutakayowaletea yataambatana na barua ya mamlaka inayokubali kutunza kitakachojengwa.

Parokia tuliyoitaja imeanza upya. Safari hii wameanza na muhtasari wa mkutano wa kijiji, saruji baadaye.

Maswali ya kujadili

1. Barabara iendayo zahanati yenu iko chini ya nani?
2. Ni lini mara ya mwisho mlihudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa?
3. Ni mradi gani mliojenga ambao hauna wa kuutunza? Nani aulizwe, na kabla ya mwezi gani?