Nuru Kama Shahidi wa Kazi ya Tupa

Mwanafunzi anyimwaye alama katika kazi ya tupa huona ameonewa, kwani vidole vyake havikuhisi bonde lolote. Mwalimu asibishane naye. Amwambie asimamishe juu ya uso ule rula ya ukaguzi yenye ukingo mwembamba, kisha atazame kuelekea dirishani: penye bonde nuru hupenya, hata kama mwanya haufikii milimita 0.01.

Viwandani, kwa nyuso zilizong'arishwa, hutumika kioo bapa chini ya taa ya sodiamu. Michirizi myeusi hutokea. Kati ya mchirizi mmoja na wa pili mwanya hubadilika kwa nusu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani milimita 0.0003 hivi. Michirizi ikinyooka na kuachana sawasawa, uso ni bapa. Ikipinda, una kosa. Hesabu hiyo ifuate baadaye. Kwanza mwanafunzi ajionee bonde lake, ndipo alama iandikwe.