Maji Machachu ya Boila: Mafunzo Niliyopata Kazini

Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia boila za gesi hapa Uingereza, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu. Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zinataka karibu kila boila mpya ya gesi ya nyumbani iwe ya aina inayovuna joto hata kwenye moshi wake. Boila hizi zinabana matumizi, lakini zinatoa maji ambayo wenye nyumba wengi hawakuwahi kuambiwa habari zake. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Maji yale hayavuji, yanatolewa

"Mwanangu, boila mpya kabisa, mbona inadondosha maji?" Akina mama huniuliza hivyo kila msimu wa baridi. Gesi inapoungua hutoa hewa ukaa na mvuke. Boila za zamani ziliutupa mvuke huo nje pamoja na joto lake. Za sasa huupoza moshi hadi chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke ukawa maji, na joto lake likabaki nyumbani. Siku ya baridi, nyumba ya kawaida inaweza kupata lita mbili au tatu.

Kwa hiyo wasiwasi uwe pale maji yasipotoka. Huenda njia imeziba, au boila imewekwa moto mno. Nyingi nazikuta joto la radieta limewekwa nyuzi 75 au 80. Kwa boila ya kombi, yaani isiyo na tangi la maji ya moto, kulishusha hadi 60 au chini kidogo huongeza maji na kupunguza bili.

2. Usiyapitishe kwenye shaba wala juu ya zege

Maji hayo yanapojitenga na moshi hunyonya hewa ukaa na oksidi za naitrojeni, yakawa na tindikali. pH yake huwa kati ya 3 na 5, ukali wa karibu na juisi ya nyanya. Mkono hayaudhuru, lakini chuma na saruji havivumilii kuguswa kila siku.

Niliwahi kukata bomba la shaba ambalo fundi aliyetangulia alilifunga kwa ajili ya maji haya. Kwa nje liling'aa. Ndani lilijaa ukoko wa kijani, na ukuta wake ulikuwa umeliwa hata nikaubonyeza kwa kidole gumba ukabonyea. Kwingine maji yaliachwa yadondoke kwenye zege la uani: saruji ikaisha, kokoto zikabaki wazi. Bomba la plastiki ndilo linalofaa.

3. Bomba la nje lina adui mmoja, barafu

Desemba 2010 baridi ilikaza Uingereza nzima, na boila nyingi zikazimika kwa sababu mabomba haya yaliganda. Mengi yalikuwa membamba na yalipita ukutani nje bila kufunikwa. Bora maji yaishie ndani, kwenye bomba la sinki la jikoni. Ikibidi kutoka nje, bomba liwe na kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 30, liwe fupi, livikwe sponji ya kuzuia baridi, na lishuke milimita 45 kwa kila mita.

Boila ikizimika asubuhi ya theluji huku ikigugumia, mwagia bomba la nje maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kisha uiwashe upya.

4. Trapu kavu ni hatari

Chini ya boila kuna kikombe kidogo tunachokiita trapu. Maji yanayobaki humo huzuia moshi usifuate njia ya maji. Kikiwa kitupu, moshi wenye kaboni monoksidi unaweza kuingia chumbani, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana trapu hujazwa maji kabla boila haijawashwa mara ya kwanza, na husafishwa na kujazwa tena kwenye huduma ya kila mwaka.

5. Mawe ya chokaa nayo huisha

Maji ya boila yakienda kwenye mfereji wa maji machafu, tindikali hupozwa na maji mengi ya sabuni ya nyumbani. Pasipo na mfereji, tunachimba shimo na kulijaza vipande vya mawe ya chokaa. Boila kubwa za majengo hufungiwa chombo chenye mawe hayohayo. Chokaa huua tindikali, lakini nayo huliwa kidogo kidogo. Pima pH ya maji yanayotoka. Ikianza kushuka, ongeza mawe.

Kisheria, anayefanya kazi ya gesi lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register. Mwombe kitambulisho na usome upande wa nyuma, ambako kazi anazoruhusiwa zimeandikwa. Kisha, kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe maji yanakoishia. Asipoweza, kazi haijaisha.