Madaraka, 1 Juni: Tulipewa Nini, Tulinyimwa Nini?

Wengi wetu husema Kenya ilipata uhuru tarehe 1 Juni 1963. Sivyo. Siku hiyo tulipata serikali ya ndani tu. Bendera ya Uingereza iliendelea kupepea hadi usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba.

Katika uchaguzi wa Mei 1963, chama cha KANU kilikishinda chama cha KADU, na tarehe 1 Juni Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Hata miaka miwili haikuwa imetimia tangu aachiliwe kizuizini, Agosti 1961. Baraza lake la mawaziri lilikabidhiwa shughuli za kila siku za nchi: fedha, elimu, afya, kilimo.

Ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani vilibaki kwa Gavana Malcolm MacDonald. Ndiyo kusema Oginga Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, lakini kauli ya mwisho juu ya usalama haikuwa yake. Ukanda wa Pwani nao, kwa mkataba wa zamani, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Suala hilo lilimalizwa Oktoba 1963, pwani ikabaki Kenya.

Madaraka hayo hayakuja kwa hisani. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari dhidi ya wapigania uhuru tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu waliuawa, wengine wakafungwa kambini, na mmoja wa viongozi wao, Dedan Kimathi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwezi uliofuata, Waafrika wanane walichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwemo Tom Mboya. Viti vinane havikutosha, nao walisema hivyo waziwazi. Ndipo yakafuata mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, kuanzia mwaka 1960.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka (1 Juni), Mashujaa (20 Oktoba) na Jamhuri (12 Desemba). Miaka ya karibuni sherehe za Madaraka zimekuwa zikizunguka kaunti mbalimbali; Kisumu, Embu na Bungoma zimekwisha kuwa wenyeji.

Aliyepiga kura Mei 1963 sasa amepita miaka 80. Ikiwa kwenu yupo mzee wa namna hiyo, muulize alipigia kura wapi na alitarajia nini, kisha uyaandike majibu yake.