Kompyuta Kuukuu ya Kikundi Isitupwe

Vikundi vingi vina kompyuta ya kupewa ambayo imefungiwa kabatini, ati imezeeka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Je, tuuze kwa bei ya vyuma? Hapana. Kuna mfumo uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini. Ni wa bure, na sheria yake yaruhusu kunakili na kumgawia jirani. (Kuweka Windows ya wizi ni jambo lingine, nasi hatulipendekezi.)

Linux ina aina nyingi. Kwa anayeanza tunachagua Linux Mint, kwa sababu sura yake haimshtui aliyezoea Windows. Inataka kompyuta ya biti 64, kumbukumbu ya GB 2 (ikiwa 4 ni vyema zaidi) na nafasi ya GB 20 kwenye diski.

Sasa sikizeni vizuri. Kazi hii yaweza kufuta kila kitu kilichomo ndani: hesabu za akiba, orodha ya mikopo, kumbukumbu za mikutano. Deni lisiloandikwa popote litadaiwaje? Kwa hivyo nakilini faili zote kwenye flashi. Mweka hazina mwenyewe azifungue katika kompyuta nyingine, moja moja, aone kama zasomeka. Kisha chapisheni orodha ya mikopo kwenye karatasi. Flashi hiyo iwekwe mbali kabisa na meza ya kazi.

Tafuteni flashi ya pili ya GB 8, isiyo na kitu cha maana, maana nayo itafutwa. Faili ya Mint ni karibu GB 3, basi afadhali kwenda saiba kuliko kumaliza bando. Ichukueni linuxmint.com. Haitoshi kuinakili tu. Mwambieni kijana wa saiba aiandike kwa programu ya Rufus.

Mkirudi, chomekeni flashi, washeni kompyuta huku mkibonyeza F12 mara kwa mara. Kompyuta nyingine hutaka F2, F9 au Esc. Chagueni USB. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapa ndipo tunapoipendea. Jaribuni intaneti, sauti, printa. Msiporidhika, zimeni, toeni flashi, na Windows yenu ipo vile vile.

Mkiridhika, bonyezeni mara mbili alama ya Install iliyo mbele yenu. Chagueni lugha, na saa ya Nairobi. Mkifika penye "Erase disk", simameni kwanza: maana yake ni kufuta diski yote. Mwenyekiti aulize tena kama nakala ziko salama, ndipo mwendelee. Laptopu iwe imechomekwa kwenye stima na betri imejaa, kwa kuwa stima ikipotea katikati mtaanza upya. Kwa kawaida ni nusu saa hivi, mashine nzee ikichukua zaidi.

Ndani mtakuta LibreOffice, ambayo hufungua faili za Excel na Word. Katibu na mweka hazina wote wawili wajue neno la siri, na liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe ndani ya sanduku la kikundi.